Kutoka Studio ya Redio Hadi Kiti cha Bosi wa Muziki

Kijana akija kwangu na wimbo wake, mara nyingi haniulizi kama ameimba vizuri. Ananisalimu, "Mwangaluka, mama," anaketi, anatoa simu mfukoni, na kabla sijasikia hata biti anauliza: "Utapigwa lini redioni, na nimwone nani?" Wako wanaoliona swali hilo kuwa la kivivu. Mimi naliheshimu. Kijana huyo ameshatambua jambo ambalo wanamuziki wa Tabora wa rika la baba yangu walilitambua wakiwa wamekwisha kuzeeka: kati ya mwimbaji na fedha ya wimbo wake kuna mtu ameketi, na katika nchi yetu mtu huyo mara nyingi ametokea redioni.

Watu hutaka kujua inakuwaje mtu aanze kwa kusoma salamu na kupiga nyimbo, halafu aishie kumiliki studio, kusimamia wasanii, kuandaa matamasha na kuamua nani awe nyota. Nimetangaza miaka kadhaa katika redio moja ya hapa mjini, kipindi cha mchana cha salamu na muziki, kisha nikatoka nikaanza kusimamia wanamuziki. Kioo cha studio nimekikalia pande zote mbili, kwa hiyo nitaeleza ninavyoijua safari hiyo.

Mimi ni mtoto wa Kipalapala, kusini ya mji wa Tabora. Wengi wanapajua kwa seminari kuu ya Mtakatifu Paulo, na wasomaji wa zamani wanapajua kwa uchapaji wa TMP, ambao vitabu vyake vilienea nchi nzima, na gazeti la Kiongozi nalo lilichapwa hapa. Baba alikuwa mpanga herufi. Alirudi jioni na wino kwenye kucha, akanawa, akawasha redio ya betri, na nyumba yote ikanyamaza. Tulisikiliza kipindi cha Ugua Pole kana kwamba wagonjwa wote wanaotajwa ni ndugu zetu. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam tuliwajua kwa sauti kama unavyowajua wajomba zako, na hatukujua sura ya hata mmoja.

Watangazaji wale hawakuwa mabosi wa muziki, wala hawakuweza kuwa. Redio ilikuwa ya serikali. Ilianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa RTD. Studio ya kurekodia bendi ilikuwa ya redio hiyo hiyo. Tabora ilikuwa na bendi tatu za kujivunia, Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, hii ya mwisho ikiwa na Shem Karenga, mtunzi wa "Dada Asha". Bendi ya bara ilipanda garimoshi na magitaa yake, ikarekodi Dar es Salaam, ikarudi. Baada ya hapo nyimbo zilipigwa usiku na mchana, Bukoba hadi Mtwara. Aliyetaka santuri aliingoja kutoka Nairobi, kwa sababu ndiko zilikotengenezwa.

Wanamuziki wale walipata sifa ya taifa zima na fedha kidogo mno. Nimewaona wazee ambao sauti zao ziko kwenye kila harusi ya mkoa huu wakikopa nauli ya daladala. Nalieleza hilo kwa uchungu, maana mtangazaji wa RTD naye hakula jasho lao. Alikuwa mtumishi wa umma, analipwa mshahara, ana mkuu wake na mkuu wa mkuu wake. Alikuwa na sikio, alikuwa na hadhira, lakini hakuwa na biashara.

Biashara ilikuja na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, iliyofungua mlango wa redio binafsi. Mwaka 1994 Radio One ya Reginald Mengi ikawa hewani Dar es Salaam. Humo vijana wawili wakafanya kazi ambayo hadi leo hatujaithamini inavyostahili. Taji Liundi, waliyemwita Master T, alikuwa na kipindi cha DJ Show, na akaanza kupiga nyimbo za vijana wa hapa hapa katikati ya zile za Marekani. Mwenzake Mike Mhagama ndiye anayetajwa kwamba, mwaka 1996 hivi, aliutambulisha muziki huo hewani kwa jina la bongo fleva, ili msikilizaji autofautishe na ule wa ng'ambo. Wakati huo II Proud, ambaye sasa ni Sugu, alikuwa ametoka na albamu yake ya Ni Mimi, na studio kama Mawingu ya Bonny Luv, ya Master J na ya P-Funk zilikuwa zikitafuta nani atazipigia kazi zao. Wimbo wa kijana wa Mbeya au Temeke ulipopita kwenye DJ Show, Jumatatu yake maduka ya Kariakoo yalianza kuulizia kanda.

Hapo ndipo mtangazaji alipoanza kuwa mtu wa biashara ya muziki, hata kama mwenyewe hakukusudia. Wasambazaji wa kanda, GMC na Mamu miongoni mwao, hawakuwa na njia ya kujua vijana wanapenda nini. Mtangazaji alijua. Anapokea barua, anapigiwa simu, anasikia wimbo gani watu wanauomba tena baada ya wiki tatu na upi walioushangilia siku mbili wakausahau. Kwangu mimi ujuzi huo ndio mtaji wa kwanza, na hausomewi darasani. Nilipokuwa hewani nilikuwa na daftari la mistari. Kila aliyepiga simu niliandika anatoka wapi, ni mwanamke au mwanamume, na ameomba nini. Wanawake wa Ipuli waliomba taarabu saa saba mchana, watoto wakiwa shuleni. Madereva wa malori ya tumbaku waliomba zilipendwa. Kutoka Urambo na Kaliua waliomba kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, na waliomba kwa wingi kuliko msanii yeyote wa Dar es Salaam. Meneja wa vipindi alikuwa haniamini mpaka nilipomwonyesha kurasa.

Sasa nifike kwa watu wawili walioigeuza elimu hiyo kuwa himaya. Joseph Kusaga alianzia kwenye disko. Clouds ilikuwa jina la disko kabla halijawa jina la redio, na mtu aliyewahi kuchezesha disko anajua kwa macho yake wimbo gani unainua watu vitini. Ruge Mutahaba alitokea upande mwingine. Alizaliwa mwaka 1970, baba yake akiwa msomi, Profesa Gelase Mutahaba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na yeye akasoma California, katika San Jose State. Aliporudi akaungana na Kusaga, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Clouds FM ikasikika.

Ruge hakujulikana kwa kukaa kwenye kipaza sauti kila siku. Kazi yake ilikuwa mkurugenzi wa vipindi na uzalishaji, yaani mtu anayeamua saa ya redio ijazwe nini. Msomaji asiyeijua redio aelewe uzito wa kiti hicho. Saa moja ya redio ina dakika 60. Ondoa taarifa ya habari, matangazo ya biashara, salamu na maneno ya mtangazaji, zinabaki nyimbo nane, pengine kumi. Nchi ina maelfu ya waimbaji. Anayechagua zile kumi ameshachagua pia nani atapata shoo mwezi ujao na kampuni gani ya soda itampigia nani simu.

Lakini Ruge hakuridhika na kuchagua vilivyoletwa. Kulikuwa na studio ya Smooth Vibes, na katikati ya miaka ya 2000 ikaja THT, Tanzania House of Talent, pale Kinondoni. THT ilikuwa jambo jipya kabisa kwetu: kijana asiye na senti anaingia, anafundishwa kuimba, kucheza, kupiga ala, kusimama jukwaani, na anatolewa akiwa ameiva. Mwasiti, Barnaba, Linah, Ditto, Amini, na baadaye Nandy, wote walipita mikononi mwa nyumba ile. Ukiwasikiliza wakiimba bila kinasa kuwarekebisha, utajua kuna mtu aliwakazania. Na juu ya hayo kulikuwa na Fiesta, tamasha lililozunguka mikoani. Lilipofika Tabora uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ulifurika, nyumba za wageni zikajaa, na wachoma nyama wakauza mpaka alfajiri. Kijana wa Kiloleni aliyekuwa akiwasikia watu hao redioni akawaona kwa macho, na wachache wakapewa dakika tano za kupanda jukwaani.

Redio, studio, shule na jukwaa vikawa chini ya kundi moja la watu. Ndugu msomaji, hapo ndipo sifa na lawama za Ruge zinapokutana, na sitaki kuitaja moja nikaiacha nyingine.

Sisi wa Unyanyembe tunalijua jambo hili la mtu mmoja kuishika njia kutoka zamani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita kwetu, na mwenye nchi alitoza hongo kwa kila msafara. Mtemi Mirambo, kuanzia mwaka 1871, aliifunga njia ya magharibi, akapigana na Waarabu wa Tabora kwa miaka, na bei za pembe zikatikisika hadi pwani. Hakuhitaji kuwinda tembo wote. Ilitosha njia iwe yake. Redio ya taifa lenye wasikilizaji wengi ni njia ya namna hiyo, na mwenye njia akiwa pia na pembe zake za kuuza, msafara wa mwingine una haki ya kuogopa.

Wapo walioogopa na wakasema. Lady Jaydee, binti wa Shinyanga, jirani zetu, alikuwa mtangazaji wa Clouds FM kabla taifa halijamjua kama mwimbaji. Yeye pia ni mfano wa safari hii: kutoka redioni akawa nyota, akaunda bendi yake ya Machozi, akafungua mgahawa wenye muziki wa jukwaani, akawa bosi wa kazi yake mwenyewe. Mwaka 2013 mzozo kati yake na viongozi wa Clouds ulifika mahakamani, na nchi nzima iligawanyika. Kabla yake Sugu, akiwa ameshakuwa mbunge wa Mbeya Mjini, alipambana nao hadharani, yeye na wenzake waliojiita Vinega, kisha wakapatana. Sitahukumu kesi za watu. Ninachosema ni kwamba mizozo hiyo haikuzuka kwa sababu ya tabia za watu peke yake. Mwimbaji akihisi amebaniwa na redio, na redio hiyo ina wasanii wake na tamasha lake, hata ukimwambia wimbo wake ni dhaifu hatakuamini, na wewe huna namna ya kumthibitishia.

Ruge alifariki Afrika Kusini tarehe 26 Februari 2019, alikokuwa akitibiwa figo, akiwa na miaka 48. Mwili uliporudi, barabara za Dar es Salaam zilijaa watu, na akazikwa kwao Bukoba mwezi Machi. Miongoni mwa waliolia walikuwamo waliogombana naye. Nilisimamisha kazi siku ile, kwa sababu nusu ya ninachokifanya nilijifunza kwa kuangalia alivyofanya.

Safari hii ya kutoka redioni hadi kiti cha bosi wa muziki haikuanzia Afrika Mashariki. Marekani kulikuwa na mtangazaji na fundi wa redio wa Memphis, Sam Phillips, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha WREC. Mwaka 1950 alifungua chumba cha kurekodia, na mwaka 1952 akaanzisha lebo ya Sun. Alirekodi Weusi ambao kampuni kubwa hazikuwafungulia mlango, na mwaka 1954 akamrekodi dereva wa lori aliyeitwa Elvis Presley. Mwaka uliofuata aliuza mkataba wa Elvis kwa RCA kwa dola 35,000. Wengi humcheka wakisema aliuza dhahabu kwa bei ya chumvi. Mimi huwa nawaeleza kwamba lebo yake ilikuwa na madeni, na kwamba mwaka huo huo wa 1955 alifungua WHER, redio iliyoendeshwa na wanawake: watangazaji wanawake, wauza matangazo wanawake. Kama mwanamke aliyewahi kuambiwa sauti yake inafaa salamu tu, napenda sana habari hiyo.

Na huko huko alikuwapo Alan Freed, mtangazaji aliyeupeleka muziki wa rock and roll kwa vijana wa New York. Jina lake liliwekwa kama mtunzi mwenza kwenye "Maybellene" ya Chuck Berry, wimbo wa mwaka 1955, ili naye apate fungu la mirabaha kila ulipopigwa, na mwenye kuupiga ni yeye. Uchunguzi wa fedha za kuhonga watangazaji ulipofika, Freed aliharibikiwa. Mwaka 1962 alikiri kosa, faini ilikuwa dola 300, lakini kazi ilikuwa imekwisha, na mwaka 1965 akafariki akiwa na miaka 43. Kijana anayeniletea wimbo akinieleza kwamba kuna mtangazaji anataka aandikwe kwenye utunzi, ninamsimulia habari ya Freed yote.

Zama hizi njia zimekuwa nyingi. YouTube na Boomplay haziombi ruhusa ya mkurugenzi wa vipindi. Diamond Platnumz aligeuza safari yenyewe: alikuwa mwimbaji, akawa na lebo ya WCB, kisha akawa na Wasafi FM, maana alitambua kwamba hata mwenye watazamaji wengi mtandaoni bado anahitaji redio inayosikika kwenye daladala. Christine Mosha, maarufu kama Seven, aliyeanza na utangazaji, alikwenda upande wa usimamizi, akafanya kazi na kampuni ya Rockstar4000 pamoja na mwimbaji Alikiba, ambaye mwaka 2016 alisaini na Sony Music. Ninawaonyesha mabinti wa hapa mfano wake, kwa sababu kazi yake imekuwa mikataba, masoko na mipango ya safari, mambo yasiyoonekana jukwaani, na ndiyo yanayolipa.

Mikataba. Hapa nitakaa kidogo, maana watangazaji wengi wanaogeuka mameneja huja na sikio zuri lakini bila kalamu. Redio inafundisha kusikiliza watu, inafundisha muda, inafundisha kuongea na mwenye duka mpaka atoe tangazo. Haifundishi kuandika nani anamiliki nini. Kwenye wimbo mmoja kuna mtunzi wa maneno, mtengeneza biti, mwimbaji, na mwenye rekodi yenyewe, na kila mmoja ana haki yake. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inayatambua hayo, na ndiyo iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 iligawiwa kwa wasanii. Si nyingi ukiigawa, lakini aliyekuwa hajasajili kazi yake hakuwa na pa kusimama kuidai. Wanakwaya wa Ulyankulu, ambao kanda zao zilinakiliwa kwenye kila kibanda kuanzia hapa hadi pwani, walistahili kuishi kwa sauti zao, na sijui kwaya nyingine ya mkoa huu iliyosikilizwa namna ile.

Kwa hiyo mimi nina masharti yangu, na nayataja wazi ili mwingine ayachukue. Msanii wangu akipata nafasi redioni, siwi mimi ninayempangia mtangazaji zamu wala kumpa kitu kidogo. Mkataba ni wa miaka miwili, kwa Kiswahili, kurasa tatu. Fungu langu limeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Neno la siri la akaunti ya mtandaoni analo msanii. Nikirudi redioni hata kwa kipindi cha wiki mara moja, wasanii wangu hawapigwi kwenye kipindi hicho, na wasikilizaji wataambiwa kwa nini. Wamiliki wa vituo vikubwa wakiniambia hilo haliwezekani kibiashara, nitawajibu kwamba katika redio ndogo ya mkoani nililifanya, na matangazo ya mbolea na ya vyuo yaliendelea kuja.

Sasa hivi nina kwaya moja ya huku Kipalapala, sauti nne, kinanda na ngoma mbili za Kinyamwezi. Tunaingia studio mjini kurekodi nyimbo nne baada ya mavuno ya karanga. Mtunzi, katekista aliyenizidi umri, ameshasaini karatasi zake. Mpiga kinanda ameomba akazisome nyumbani na mkewe, na nimemwambia achukue wiki nzima.